Vyjayanthimala au Helen: uanze na nani?

Ukitaka kuonja dansi ya filamu za zamani za Kihindi, zile zilizokuwa zikijaza majumba ya sinema Unguja na Dar miaka ya 1950 na 1960, majina haya mawili hayakwepeki.

Vyjayanthimala ni wa Madras, kafunzwa bharatanatyam, dansi ya jadi ya kusini mwa India, tangu utotoni. Mtazame miguu: kisigino kinagonga sakafu, njuga zinaitikia, na macho yameshasimulia kabla mdomo haujafunguka. Alikuwa nyota mkuu, tena mwenye msimamo. Kwa filamu ya Devdas (1955) alipewa tuzo ya Filmfare, tuzo kubwa ya filamu za Kihindi, ya mwigizaji msaidizi, akaikataa: kwake, nafasi ile haikuwa ya kumsaidia mtu. Aliolewa 1968, akaziaga filamu, na 1984 akachaguliwa kuwa mbunge.

Helen alianzia pagumu zaidi. Kazaliwa Rangoon, Burma, na wakati wa vita familia yake iliwakimbia Wajapani kwa miguu hadi Assam, India. Bombay alianza kwa kucheza nyuma ya wengine, mpaka wimbo mmoja wa filamu ya Howrah Bridge (1958) ukamtoa. Yeye ni wa kabare: manyoya, glavu ndefu, nyonga. Mara nyingi alipewa dakika tano tu, kisha hadithi ikamsahau.

Kwa ufundi sina ubishi, ni Vyjayanthimala. Lakini Ijumaa usiku, kahawa mkononi, mimi humweka Helen. Dakika zake tano nazirudia. Filamu iliyobaki naipeleka mbele.