Daftari la mistari minne: linunueni, ila "wa" mfundishe wenyewe

Steshenari za Mwanjelwa na Kabwe hapa Mbeya zinauza daftari la mwandiko lenye herufi za vitone za kufuatisha. Kwa mtoto wa darasa la tatu anayeanza kuunganisha herufi, linafaa. Nafasi ya katikati ni pana, kwa hiyo a isiyofungwa inaonekana mara moja.

Kasoro kubwa ni maneno ya mfano. Ni ya Kiingereza matupu. Mtoto anamaliza kurasa zote hajaunganisha ng', ny wala mw. Na kinachowatesa watoto wetu kuliko vyote ni "wa". Herufi nyingi humalizikia chini, kwenye mstari wa msingi, lakini w, o, b na v humalizikia juu. Mtoto aliyezoea kushuka huuvuta mkia wa w hadi chini, na "watu" inageuka "uiatu". Mkia ubaki juu, uende mlalo mpaka kichwani mwa a, ndipo kalamu irudi kushoto kuizungusha. Kwenye "we" ni kazi zaidi, maana kitanzi cha e hubanwa kikafanana na i. Mwandikieni mstari mmoja mmoja: wa, we, bo, vu, halafu watu, wewe, bovu. Dakika kumi kwa siku zinatosha.

Tena msifuate mpangilio wake wa a hadi z. Anzeni na c, a, d, g, o, zenye mzunguko mmoja, ndipo i, u, t, kisha n, m, h.

Karatasi ni nyepesi: penseli ya HB sawa, peni ya jeli inatokea upande wa pili. Peni ya kawaida inafaa, ila asubuhi za Juni na Julai kule Uyole wino wake huwa mzito na kurukaruka. Isugueni viganjani kwanza. Mtoto akikandamiza, vidole vinachoka na herufi zinakatika.

Programu za kishikwambi zinaonyesha vizuri herufi inaanzia wapi, lakini kidole kwenye kioo hakijifunzi kushika kalamu. Hata California, kwenye kampuni kubwa za kompyuta, sheria iliyoanza Januari 2024 imerudisha mwandiko wa kuunganisha herufi darasa la kwanza hadi la sita.

Anayetumia mkono wa kushoto ameonewa: mfano umechapwa kushoto tu, na mkono wake unaufunika. Mwandikieni mwingine kulia, na daftari lilazwe kuelekea kulia.