darktable na GIMP: miaka miwili ya kuedit harusi bila kulipia programu

Mi napiga picha za harusi na shughuli ndogondogo, na kwa muda mrefu nilikuwa nalipia programu kila mwezi kama mtu anayelipa kodi ya nyumba. Siku moja kadi ikagoma, malipo hayakupita, na hapo nina picha za watu mkononi, mteja anapiga simu kila nusu saa, programu nayo imenifungia sehemu ya kuedit. Picha nimepiga mimi, laptopu yangu, ila kazi siwezi kufanya. Usiku huohuo nikapakua darktable. Sasa hivi ni miaka miwili na ushee kila kitu napitisha humo, kwa hiyo naongea kama mtu aliyeteswa nayo kwanza.

Kwa asiyeijua, darktable ni programu huria ya kusafisha picha za RAW, yaani picha ghafi jinsi kamera ilivyozinasa, ipo tangu 2009, inakubali Linux, Windows na Mac, haitaki akaunti wala haikuulizi intaneti. Ina meza ya kuchagulia picha na chumba cha kuzifanyia kazi, majina yenyewe yametoka enzi za filamu.

Sasa nikuonye mapema, RAW ya kwanza utakayofungua humo itakukatisha tamaa. Kwenye kioo cha kamera picha ilikuwa inang'aa, humu inakuja imepauka kama shati lililofuliwa mara mia, unabaki unajiuliza umeharibu wapi. Hujaharibu. Kwenye kioo ulikuwa unaona JPEG ambayo kamera imeshaitengeneza yenyewe, darktable inakuletea picha haijatiwa chumvi. Mi nilihangaika wiki nzima nikigusa kila moduli, yaani kila zana ya kuedit iliyo ndani yake, na ziko lundo, nyingine zinafanya kazi ileile kwa njia tofauti, hakuna aliyekuambia uanze na ipi. Siku hizi nagusa kama sita tu: mwanga wa jumla kwanza mpaka uso ukae sawa, halafu moduli ya sigmoid inayopanga kontrasti, halafu rangi, kurekebisha kasoro za lenzi, kupunguza chenga (zile punjepunje za picha za gizani), basi.

Ila kuna moduli moja ndo imenifanya nisirudi nilikotoka, toni ekwaliza. Chukua bibi harusi amekaa kando ya dirisha, shela jeupe limepigwa na jua, uso uko kivulini. Ukipandisha mwanga wa picha nzima shela linaungua, ukishusha uso unapotea. Humu unapeleka mshale kwenye shavu, unazungusha kigurudumu cha mausi, na sehemu zote zenye kiza cha kiwango kile zinapanda taratibu huku shela limetulia palepale, maua ya lesi unayahesabu. Usipoweka maski yake vizuri lakini, ile inayogawa sehemu za mwanga na za kiza, utaona ukungu mweupe umezunguka nywele, na huo mteja anauona kabla yako.

Chenga za usiku, zile picha za ukumbini zilizopigwa kwa ISO 6400 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga), inazipunguza vizuri maana ina vipimo vya kamera moja moja kwa kila ISO, na vipimo hivyo vinaletwa na watumiaji wenyewe. Kwa macho yangu zile za kulipia zinazotumia akili bandia bado ziko mbele kwenye chenga, sitadanganya. Na kamera ikiwa imetoka juzi juzi unaweza ukasubiri kidogo kabla RAW zake hazijafunguka.

Kosa kubwa nililifanya mwenyewe. Darktable haigusi picha yako ya asili, kila ulichofanya inakiandika kwenye kifaili kidogo cha XMP kinachokaa pembeni ya picha. Mi nikaona vifaili vimejaa kwenye folda nikasema takataka hizi, nikafuta vyote, wiki iliyofuata nikahamia laptopu nyingine. Nimefungua folda, picha mia tatu na kitu, zote zimepauka kama siku ya kwanza. Kama ningeacha zile XMP kazi yote ingehama nazo. Aisee nilikaa chini. Na kama unatoka programu nyingine usitegemee kazi zako za zamani kuhamia zote, vinakuja vitu vichache vya msingi, vingine unaanza upya.

GIMP, programu nyingine huria ya kuedit picha, naitumia kwa yale ya ndani zaidi, kutoa nyaya ukutani, chunusi, kuunganisha nyuso za watu wawili waliopishana kufumba macho. RAW yenyewe haifungui peke yake, inamwita darktable au RawTherapee, programu nyingine huria ya RAW, kwa hiyo hizi ni kama pacha. Toleo la 3.0 la Machi 2025 lilichukua karibu miaka saba tangu 2.10 ya 2018, na jambo nililolisubiri limekuja: filta unaiweka juu ya tabaka na unaweza kurudi kuibadilisha baadaye, zamani ukishakubali imekubaliwa. Kitu kimoja tu kizoee, ukibonyeza kuhifadhi inatoa XCF, faili la GIMP lenyewe, JPEG unaipata kwenye sehemu ya kutoa faili nje. Mi nilishamtumia mteja XCF kumi na mbili akanijibu kaka hizi picha zina kirusi?

RawTherapee nimeijaribu, ukali wa picha zake ni mzuri mno, labda kushinda darktable, ila kwa harusi ya picha mia nane mikono yangu inaenda haraka zaidi nilikozoea. Laptopu dhaifu jipange, bila kadi ya grafiki inayoeleweka moduli ile ya kutawanya na kunoa inakupa muda wa kwenda kunywa maji na kurudi.

Palipobaki pagumu kwangu ni matbaa. Wanataka faili za CMYK, yaani rangi za wino wa kuchapishia, na GIMP bado haikuruhusu kufanya kazi moja kwa moja ndani ya CMYK, kwa hiyo albamu za kuchapisha nampa RGB, rangi za kioo, jamaa wa matbaa anabadilisha mwenyewe, na kila mara lazima anigombeze kwanza.