Spika ya kubeba safarini: ipi ununue, ipi uiache dukani

Spika ile ilikuwa na uzito wa karibu kilo 11, taa zinazocheza na mdundo, na mpini wa kushikwa na watu wawili. Tuliiazima kwa mapumziko ya siku mbili kando ya ziwa. Tulikuwa watu saba, kila mmoja na orodha yake ya nyimbo. Tulipofika tukakuta gari linaishia juu ya kilima, kambi iko bondeni, mwendo wa dakika 25 kwa miguu. Tuliangaliana, tukaangalia spika, tukafunga buti la gari nayo ikiwa ndani. Usiku ule simu ilikaa ndani ya sufuria tupu ili bati liikuze sauti kidogo, nasi tukaimba kwa nguvu kufidia kilichopungua.

Tangu siku hiyo mtu akiniomba ushauri wa spika ya Bluetooth, namuuliza kwanza: nani ataibeba, na mpaka wapi? Mambo ya sauti tunayazungumza baadaye. Orodha hii nimeipanga kwa swali hilo, nikianza na ninayoipendekeza kwa watu wengi na kumalizia na ninayokuomba uipite hata ikiwa bei inavutia. Kwa vipimo nitatumia spika za kampuni ya JBL kama rula, kwa kuwa wana kila ukubwa. Ukikuta Sony, Bose au Anker ya umbo lilelile, hoja haibadiliki sana.

Ya kwanza: yenye umbo la chupa

Hii ndiyo inayoingia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, pale panapokaa chupa ya maji. JBL Flip 6 ina gramu 550 na inatajwa kucheza saa 12. Kaka yake, Charge 5, ana gramu 960, saa 20, na anaweza kuchajia simu yako. Ukiwa na gramu mia tano begini unasahau kuwa umebeba kitu, na spika usiyoiona mzigo ndiyo utakayokuwa nayo kila mara.

Sauti yake inatosha chumba kizima, au watu wanane waliokaa duara chini ya mti. Besi ipo, ila tusidanganyane. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi la kawaida la nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Flip 6 inaanzia kwenye mitetemo 63. Noti ile ya chini kabisa haitoki humo hata ukiiombea. Unachokisikia ni mitetemo ya juu inayoandamana nayo, na ubongo wako ndio unaojazia iliyokosekana. Ujanja huo unafanya kazi vizuri mpaka uongeze sauti hadi mwisho. Hapo spika nyingi za aina hii hupunguza besi zenyewe ili kiwambo, kile kinachotetemeka kutoa sauti, kisipasuke, na wimbo unabaki na kelele za juu tu.

Udhaifu wake mkubwa ni mwingine: nyingi hutoa kila kitu kutoka sehemu moja. Kwa wimbo wa studio si tatizo sana. Lakini weka rekodi ya tamasha, pale gitaa liko kushoto, kinanda kulia na watu wanapiga makofi pande zote, uone jukwaa zima linavyobanwa ndani ya kopo.

Dawa yake ni kununua mbili. Najua inasikika kama porojo za muuzaji, lakini nisikilize. Nje, pasipo kuta, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Anayekaa mita 8 kutoka kwenye spika anapata desibeli 18 pungufu ya aliye mita 1. Ndiyo maana yule aliye karibu analalamika kelele huku wa mbali anauliza kama muziki umezimwa. Spika mbili ndogo, moja kila upande wa watu, zinamaliza ugomvi huo bila kumuumiza mtu masikio. Ukitaka kusikiliza kwa utulivu unaziunganisha, moja iwe kushoto na nyingine kulia, na lile jukwaa linafunguka. Kwa maoni yangu, fedha za spika moja kubwa mara nyingi zinafanya kazi nzuri zaidi zikigawanywa kwa mbili za chupa.

Sharti moja tu: nunua za toleo lilelile, ikiwezekana siku ileile. Mifumo ya kuunganisha spika kwa spika hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na hata ndani ya kampuni moja toleo jipya huweza kukataa kuongea na la zamani. Mwambie muuzaji aziunganishe mbele yako kabla hujalipa.

Ya pili: ya kiganjani

JBL Go 3 ni gramu 209 na saa 5 za kucheza. Besi inaanzia mitetemo 110, kwa hiyo hapo gitaa la besi ni la kufikirika. Ukiwa peke yako, ukinyoa ndevu, ukifua, au ukisikiliza mpira redioni kupitia simu, inatosha kabisa. Sauti ya mtu anayezungumza inatoka safi, pengine kuliko kwenye spika kubwa zilizokolezwa besi. Nimeiweka ya pili kwa sababu ni zawadi isiyokosea. Ila usiitegemee kwa kundi la watu zaidi ya wanne.

Ya tatu: yenye mkanda au mpini

Hapa unaingia kwenye kilo. Ya mkanda, kama Xtreme 3, ina karibu kilo 2, na kwangu ndiyo yenye akili kuliko zote katika kundi hili, maana bado mtu mmoja anaitundika begani akatembea. Boombox 3 ni kilo 6.7, saa 24, na besi yake unaihisi kifuani. Inafaa ukienda kwa gari na gari linafika mpaka mnapokaa. Ningekuwa na uwanja mkubwa na marafiki wengi ningeipandisha hadi ya kwanza.

Anayesafiri kwa ndege aangalie betri. Kikomo cha kawaida kwenye mzigo wa mkononi ni wati-saa 100, yaani kipimo cha nishati inayokaa ndani ya betri. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Kama kwenye spika kumeandikwa mAh (miliampea-saa) peke yake, zidisha kwa volti kisha gawanya kwa 1,000. Betri ya mAh 5,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 18.5, hakuna wa kukusumbua.

Ya nne: sanduku la sherehe

Ndilo lililobaki kwenye buti letu, lakini nisilionee. PartyBox 110, kwa mfano, ni wati 160, saa 12 za betri, karibu kilo 11, na ina matundu ya kuchomeka maikrofoni na gitaa. Hapo ndipo masanduku haya yanapowaacha wengine mbali. Kama kwenye kundi lenu kuna anayeimba au kupiga gitaa, hakuna spika ya chupa itakayomsaidia.

Tumia waya, lakini. Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ukisikiliza wimbo huwezi kugundua, na ukiangalia filamu, simu hurekebisha picha iendane na sauti. Ila mpiga kinanda akibonyeza sasa na noti ikaja baadaye, vidole vinachanganyikiwa kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Anayecheza michezo ya simu naye analijua hili.

Kama hakuna mwanamuziki, na sherehe zenu ni mbili kwa mwaka, azima au kodi.

Ya mwisho, na uiache hapohapo

Ni ile ya jina usilowahi kulisikia, taa za rangi saba, na kwenye boksi kumeandikwa wati 3,000 PMPO. Hizo PMPO ni hesabu ya kilele cha nguvu cha kufumba na kufumbua, kila kampuni inajipigia yenyewe, na haina maana yoyote kwako. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo. Hata hizo usizishangilie kupita kiasi: kutoka wati 10 hadi 20 unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua bila kushtuka. Ili isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara kumi.

Mpwa wangu alinunua moja ya hizo. Siku tuliyoifungua kwa ajili ya kuitengeneza tulikuta kiwambo kidogo cha duara, betri nyembamba kama kiberiti, na nafasi tupu ambayo ungeweza kufuga panya.

Ukiwa mbele ya kaunta

Nenda na rekodi yako ya tamasha, ile unayoijua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi. Usikubali wimbo wa muuzaji. Umechaguliwa ili spika ile ionekane malkia. Sikiliza makofi ya watu. Kwenye spika nzuri utasikia viganja, kila kimoja na wakati wake. Kwenye mbaya utasikia mchanga unaomwagwa juu ya karatasi. Kisha panda hadi robo tatu ya sauti, usikilize kama besi imebaki au imetoroka, na kama boksi linatetemeka kwa mlio wa kugonga. Rudi nyuma hatua kumi usikilize tena. Mwisho iweke mbali na ukuta, maana ukuta na kona huongeza besi ya bure ambayo huko kambini haitakuwepo.

Kuhusu saa za betri, kampuni hupima kwa sauti ya wastani. Ukipiga kwa sauti ya juu, saa 12 zinaweza kushuka hadi nusu au chini yake.

Maji nayo yana herufi zake. IPX4 ni kurushiwa maji tu, si kuzama. IPX7 ni kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. IP67 ni hiyohiyo pamoja na kinga kamili ya vumbi, na ndiyo ninayoitaka kwa yeyote anayekwenda ufukweni. X maana yake upande huo, hapa wa vumbi, haukupewa alama. Jambo ambalo watu hawaambiwi ni kwamba vipimo hivyo hufanywa kwa maji ya kawaida yasiyo na chumvi, wala si ya bahari, wala si ya sabuni. Spika ikitoka baharini, isuuze kwa maji safi, iache ikauke, na usiichaji kabla tundu halijakauka kabisa.

Hilo la tundu nimejifunza kwa hasara. Spika yangu ya kwanza ilikuwa na kifuniko cha mpira juu ya tundu la chaji. Nilikifungua ufukweni kuchaji kwa betri ya akiba, nikasahau kukirudisha. Mchanga uliingia, halafu maji ya chumvi, na wiki iliyofuata waya ulikuwa ukiingia nusu tu. Fundi aliponionyesha, vishikio vya ndani vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Dukani waliniambia waranti haihusiki na chumvi, na kwa kusoma ile karatasi vizuri, walikuwa sahihi. Siku hizi spika zisizo na kifuniko zinanifurahisha zaidi, mradi tundu lenyewe limezibwa kwa ndani.

Ukiirudisha kabatini kwa miezi kadhaa, iache na chaji kama nusu. Betri hizi za lithiamu huchoka haraka zikikaa zimejaa, na zikikaa tupu kabisa huenda zisiamke.

Mimi nilinunua mbili za chupa, za rangi moja. Moja iko hapa mezani ninavyoandika. Ya pili aliiazima mpwa wangu kwa wikiendi moja, na wikiendi hiyo bado haijaisha.