Tathmini: ukarabati wa nyumba ya mawe Parklands na nyumba nne mpya nyuma yake

Kampuni ninayoitathmini hapa, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa hesabu za mwisho bado hatujazifunga, ilipewa na familia yetu kazi mbili katika kiwanja kimoja mtaani Parklands, Nairobi: kuikarabati nyumba ya mawe ya kuchonga iliyojengwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na kujenga nyumba nne za ghorofa moja nyuma yake, mahali palipokuwa na vyumba vya watumishi. Ya kwanza waliifanya kwa ustadi ambao sikuutarajia, na ya pili sina ugomvi nayo mkubwa. Kilichowashinda ni kutambua kwamba zote mbili zimekaa juu ya ardhi moja na zinanyeshewa na mvua moja.

Nianze na kuta, kwa sababu hapo ndipo walipostahili malipo yao. Nyumba nyingi za zamani za Parklands na Ngara zilijengwa kwa mawe ya hapa hapa Nairobi, ambayo asili yake ni majivu ya volkeno yaliyoshikamana, na ambayo kwa hiyo hunywa maji na kuyatoa tena. Chokaa iliyotumika kuyaunganisha hupitisha unyevu huo bila shida. Tatizo huletwa na lipu ya saruji inayopigwa miaka ya baadaye: saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipumui, hivyo maji yanayopenya kwenye ufa hukwama ndani, na uso wa jiwe huanza kumomonyoka nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Msimamizi wa kuta alipiga marufuku grenda, yaani mashine ya umeme ya kukatia na kusagia. Mafundi waliibandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo, wakachokoa viungo kimoja kimoja, kisha wakajaza sehemu ndogo ya majaribio pembeni mwa varanda kwa michanganyiko mitatu ya chokaa na mchanga, wakaiacha ikauke kabisa kabla ya kutuuliza tumechagua upi. Sijawahi kuona mkandarasi wa mjini akikubali kusubiri namna hiyo.

Paa la vigae vya Mangalore, vile vya udongo wa kuchoma vya mtindo wa Kihindi, nalo lilishughulikiwa kwa akili. Vigae vizima vilikusanywa upande wa mbele, na vile vilivyonunuliwa kufidia vilivyovunjika vikawekwa upande wa nyuma, ambako tofauti ya rangi haisumbui macho. (Vigae hivyo havikuwa vigumu kupatikana, na sababu yake haifurahishi: nyumba za aina hiyo zinabomolewa kila kukicha.)

Vibali vya kaunti na usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi walivifuatilia wenyewe. Nyumba yetu haijatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, kwa hiyo sheria hiyo haikutulazimisha kuihifadhi. Hata hivyo walipima kila chumba na kupiga picha kila dirisha kabla ya kugusa chochote.

Nyumba mpya zina adabu. Mapaa yake hayaipiti nyumba ya mbele kwa kimo, na mawe ya Ndarugo yaliyokatwa kwa mashine yameachwa bila kuigiza uzee. Ngazi ni nyembamba kuliko nilivyopenda, lakini wapangaji hawajalalamika.

Sasa lawama. Kila kazi ilikuwa na msimamizi wake, na wa nyumba mpya aliinua ardhi ya ua ili magari yaingie kwa urahisi, akatandika kabro, yaani vitofali vya zege vya sakafu ya nje, hadi kwenye ukuta wa zamani. Nyumba ya mbele ina sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya msingi, na matundu madogo chini ya ukuta huingiza hewa ili mbao zisioze. Kabro iliyafunika matundu ya upande mzima wa nyuma. Mvua za masika zilipoanza, maji ya ua na ya mapaa manne yaliteremka kuelekea ukuta uleule uliorudishiwa uwezo wake wa kupumua, na chumba cha nyuma kikaanza kunuka ukungu. Wasimamizi wawili walirushiana lawama mbele yetu, jambo ambalo kampuni yenye heshima isingeruhusu, kabla ya mkurugenzi kuamuru kabro ing'olewe kandokando ya ukuta, matundu yafunguliwe, na mtaro wa kokoto uchimbwe kupeleka maji barabarani.

Kwa ukarabati wa mawe ningewapa kazi tena bila kusita. Kwa kiwanja chenye nyumba ya zamani na mpya, ningewataka kwanza waweke msimamizi mmoja na walete mchoro unaoonyesha kimo cha ardhi na njia ya maji, nao usainiwe kabla ya msingi wowote kuchimbwa. Mtaro unafanya kazi. Gharama yake, ambayo wameiingiza kwenye ankara ya mwisho kama kazi ya ziada, hatujakubali kuilipa.