Mhadhara ni bure, masahihisho jitafutie: kozi ya aljebra ya mstari ya MIT OpenCourseWare

Wanaotaka cheti niwaambie mapema wasipoteze muda: hapa hakuna. MIT OpenCourseWare, tovuti ambako chuo kikuu cha MIT cha Marekani kinaweka kozi zake bure, haisajili mtu, haitoi alama wala haikupi mwalimu wa kumwuliza, na wenyewe wanalisema hilo waziwazi kwenye tovuti yao. Kama mwajiri wako anataka muhuri, tafuta chuo cha elimu masafa chenye ithibati, ulipe ada, usome. Mimi nilikuwa na swali moja tu, nikalipata jibu lake, kwa hiyo msinitegemee kuwa hakimu asiye na upande.

Mimi ni fundi sanifu wa upimaji ardhi. Unaanzia kwenye alama inayojulikana, unalizunguka eneo ukipima pembe na umbali, unarudi ulikoanzia, na hesabu haifungi. Daima zinabaki sentimita mbili tatu zisizo na mwenyewe. Unaingiza vipimo kwenye kompyuta, programu inayagawa makosa hayo kwa alama zote, inatoa majibu masafi, mnasaini. Miaka nenda miaka rudi nilikuwa nikisaini hesabu ambayo nisingeweza kumweleza mtu imetoka wapi. Mhandisi mmoja aliniambia ndani ya ile programu mna aljebra ya mstari tu, yaani hesabu ya kutatua milinganyo mingi kwa pamoja, akaendelea na chai yake. Kurudi darasani hakukuwezekana, maana kazi yetu unajua saa ya kutoka, ya kurudi hujui.

Kozi niliyosoma ni ile yenye namba 18.06, ya Gilbert Strang, mzee aliyefundisha MIT tangu 1962 hadi alipostaafu 2023. Zipo namna zaidi ya moja za kozi hiyo kwenye tovuti, na anayejisomea mwenyewe achukue yenye alama 18.06SC, iliyopangwa 2011 kwa ajili ya watu kama sisi. Imegawanywa sehemu tatu, kila sehemu inafungwa kwa mtihani wenye majibu, kisha unakuja mtihani wa mwisho. Kati ya mihadhara kuna video fupi ambamo wasaidizi wa kufundisha wanakokotoa swali moja polepole. Mihadhara yenyewe ilirekodiwa 1999, na inaonekana hivyo: picha si kali, hakuna michoro inayocheza, ni mtu na chaki na ubao. Baada ya mhadhara wa pili hutalikumbuka hilo.

Anavyofundisha ndiyo sababu ya kuandika haya. Mhadhara wa kwanza anaweka milinganyo miwili, 2x − y = 0 na −x + 2y = 3. Mtu yeyote aliyepita sekondari atakwambia x ni 1 na y ni 2. Anachora mistari miwili, inakutana hapo, sawa. Kisha anakwambia iangalie kwa safu wima: unayo (2, −1), namba za x, na unayo (−1, 2), namba za y, utachukua ngapi za kwanza na ngapi za pili ili upate (0, 3)? Moja ya kwanza, mbili za pili. Majibu ni yaleyale, lakini swali limegeuka. Sasa unauliza kama unaweza kufika mahali fulani kwa vifaa ulivyo navyo, na kozi nzima inatembea juu ya swali hilo.

Kilichonipeleka kiko mhadhara wa 16. Ana nukta tatu, (1, 1), (2, 2) na (3, 2), anatafuta mstari mmoja ulionyooka upite kote. Haupo. Ile (0, 3) ilifikika, hii haifikiki. Basi anauliza: mahali pa karibu kabisa tunapoweza kufika ni wapi? Anashusha kutoka kwenye vipimo vyetu hadi kwenye yale yanayowezekana, kwa pembe ya mraba, maana hapo ndipo umbali unapokuwa mfupi kuliko kote. Mstari unaotoka una mwinuko wa nusu na unaanzia theluthi mbili. Makosa yanabaki matatu: −1/6, 2/6, −1/6. Yajumlishe, unapata sifuri. Nilisimamisha video nikatoka nje kidogo. Ndicho programu yetu inachofanya kila jioni, ikiwa na alama nyingi zaidi na uzito tofauti kwa vipimo tofauti, na hakuna uchawi wowote humo.

Sasa upungufu, na ni mmoja mkubwa: hakuna anayesahihisha kazi yako. Utasema majibu yapo. Yapo, tena mazuri. Ila chukua swali linalokutaka utaje vekta (safu za namba kama ile (2, −1)) zinazotosha kujenga zote ambazo matriki, yaani jedwali la namba, ikizizidisha zinakuwa sifuri. Majibu sahihi ya swali hilo hayana idadi. Wao wameandika mbili, wewe umeandika mbili nyingine kabisa, na karatasi ya majibu haiwezi kukwambia kama umepatia. Dawa yake ni kuzidisha mwenyewe uone kama sifuri inatoka, kuangalia idadi inalingana na yao, na kuhakikisha hakuna iliyo kivuli cha nyingine. Mwalimu angekuonyesha hilo kwa kalamu nyekundu kwa dakika moja. Mimi ilibidi nimtafute mwenzangu wa ofisini, tukawa tunabadilishana karatasi, na ninasema bila kusita kwamba bila yeye ningeishia kutazama video kama tamthilia.

Hili watu wanalichanganya sana. Elimu huria na elimu masafa si kitu kimoja. Isaac Pitman alipoanza kufundisha hatimkato kwa posta Uingereza mnamo 1840, wanafunzi walimrudishia kazi naye akazisahihisha. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1971, kilirusha masomo kupitia BBC, lakini nyuma ya matangazo kulikuwa na wakufunzi waliosoma insha za watu na kuwarudishia. OpenCourseWare, iliyotangazwa 2001, ilichukua njia nyingine: iliweka kabati wazi, kila mtu achote. Sasa zimo kozi zaidi ya 2,500. Ukiingia ukidhani umejiunga na chuo, utalalamika bure.

Nimewahi kujaribu pia jukwaa jingine, silitaji, linalosahihisha kwa mashine. Maswali ya kuchagua A au B, unabahatisha mara tatu, tiki ya kijani inatokea. Halafu likanifungia masomo kabla sijamaliza, kwa kuwa sikulipia. Hapa hakuna cha kufungiwa. Leseni inakuruhusu kunakili na hata kumpa mwenzako, mradi utaje chanzo, usifanyie biashara, na ukibadilisha uliachie kwa masharti yaleyale.

La intaneti: maandishi, mazoezi na mitihani unaweza kuvipakua kwa pamoja, na video kila moja kivyake. Pakua mahali penye mtandao mzuri, usome popote. Lugha ni Kiingereza, lakini Strang husema taratibu na maandishi ya maneno yake yapo, kwa hiyo ukipitwa unasoma. Kitabu cha kozi kinauzwa. Mimi sikununua, na muhtasari wa kila mhadhara ulinitosha.

Usianze na video ya kwanza. Chapisha mtihani wa sehemu ya kwanza, kaa nao saa moja bila majibu. Ukitoka na nusu yake, anza moja kwa moja mhadhara wa 14, hasa kama nawe unatoka kwenye upimaji. Ukitoka mtupu, rudi mwanzo na ufanye mazoezi yote hadi mhadhara wa 10. Sehemu ya tatu sijaimaliza, kwa hiyo mtakaoipita mniambie kama inafaa.