Uzoefu wangu na seva mbili za duka: DRBD na Keepalived, mwaka mmoja sasa

Mi nashika mambo ya mtandao kwa mfanyabiashara wa spea za magari za jumla, duka kuu liko Gerezani hapa Kariakoo, matawi Mbagala na Tegeta, na mauzo yote, stoku, madeni ya wateja, kila kitu kiko kwenye databesi moja ya PostgreSQL. Seva ikilala duka limelala. Mteja katoka Songea kwa basi kuja kufunga mzigo, hawezi kukusubiri, anavuka barabara anaingia duka la pili na hela yake. Ndo maana mwaka jana nilimng'ang'ania bosi tuwe na seva mbili, moja ikifa nyingine inashika.

Tulichofunga ni mashine mbili zinazofanana za Linux, nitaziita A na B, DRBD ya kunakili diski na Keepalived ya kuhamisha IP (anwani ya mtandao), zote programu za bure. Kwa DRBD sina neno baya hata moja. Kinachoandikwa kwenye diski ya A kinaandikwa na kwa B papo hapo, na ukiiweka protokali C databesi haiambiwi "imeshaingia" mpaka diski zote mbili zimekubali, kwa hiyo risiti iliyotoka kaunta ipo pande zote. Tuliipa kebo yake peke yake, seva kwa seva bila kupita kwenye swichi (kile kisanduku cha kugawa mtandao), gigabiti 1 kwa sekunde, na ile nakala ya kwanza ya GB 800 ilichukua masaa mawili na kidogo. Keepalived nayo inafanya hivi: kuna IP moja ambayo kaunta zote zinaijua, anaishika aliye masta, masta anatoa salamu kila sekunde 1, na bakap, yule anayesubiri, akikaa sekunde tatu na ushee hajasikia kitu anajua mwenzake hayupo, anaichukua yeye.

Tulipoumia ni kwenye mtandao. Siku ya kukabidhi, fundi aliyetufungia alizima seva A taratibu kwa komandi, B ikashika, watu wote wakafurahi, akalipwa akaondoka. Jamani, seva haifi hivyo! Seva inakufa ghafla, halafu inafufuka yenyewe, na hapo pa kufufuka ndo hakuna aliyepajaribu.

Ikaja Jumatatu moja umeme ukakata na betri ya UPS ya A ilikuwa imechoka. B ikashika vizuri tu, pamoja na databesi kuwaka zilipita kama sekunde 25. Umeme uliporudi A ikawaka na duka zima likasimama dakika 40. Kijana wa kaunta ananiita "kaka imegoma tena", dada wa keshia Mbagala anapiga simu, bosi kasimama nyuma yangu hasemi kitu, na mi naona IP inajibu ping vizuri kabisa ila databesi haipo!

Kumbe swichi yetu ilikuwa na spaningi trii, ile kinga ya kuzuia mzunguko wa kebo, na kwa kawaida yake poti (tundu la kebo) ikipata waya inakaa sekunde 30 inasikiliza na kujifunza kabla haijapitisha kitu. Sasa A imewaka, haisikii salamu ya B, ikajitangaza masta. Poti ilipofunguka wakakutana masta wawili, A ilikuwa na kipaumbele 150 na B 100, B mwenye kipaumbele kidogo akaachia IP. Ila DRBD ikakataa kumpa A diski kwa sababu B alikuwa bado anaiandikia, na nashukuru ilikataa, maana zingeandika zote mbili leo ningekuwa nazungumzia madeni ya wateja yaliyopotea. Basi IP iko A, diski iko B, na kaunta hazina pa kwenda.

Nilichobadilisha: poti za seva kwenye swichi nimeziambia zifunguke hapohapo bila kusubiri, Keepalived nimeiwekea nopreempt ili aliyerudi asimnyang'anye aliyeshika (inataka seva zote mbili zianze kama BACKUP, ukiacha moja MASTER haifanyi kazi), halafu nikaongeza skripti inayoangalia kama mwenzake bado ameishika diski, akiwa ameishika hiyo seva haigombei IP kabisa. Nopreempt peke yake isingetuokoa siku ile, maana A haikumnyang'anya mtu, yenyewe ilijiona iko peke yake.

Kingine ni rauta. Kaunta za Gerezani zilikuwa zinahamia B vizuri ila Mbagala na Tegeta, ambao wanaingia kwa VPN (njia ya faragha kupitia intaneti), wanabaki nje dakika kadhaa, kwa sababu rauta ilikuwa imekariri anwani ya kadi ya A. Keepalived ikihama inatoa tangazo la ARP, la kusema IP sasa iko kwenye kadi ipi, la kwetu rauta ilikuwa inalikosa, nikaweka garp_master_refresh irudie kila sekunde 60 na malalamiko yakaisha. Na swichi yenyewe ilikuwa moja! Seva mbili, diski mbili, halafu vyote vinaning'inia kwenye swichi moja, yaani hilo nalijutia mpaka leo kwamba sikuliona. Sasa ziko mbili, kila seva ina kebo mbili za bondi ya active-backup, yaani moja inafanya kazi na nyingine inasubiri, ambayo haihitaji uguse chochote kwenye swichi.

Nyie mnaotaka kufunga, msiache bekapu ya kawaida. Kuna siku mtu alifuta orodha ya bei kwa bahati mbaya na ikafutika seva zote mbili kwa sekunde hiyohiyo. Ile ya usiku kwenye diski ya nje ndo iliyoturudisha.

Kwa programu natoa 5 kati ya 5, kwa kazi ya ufungaji natoa 2. Mwezi uliopita nilimwomba bosi achomoe mwenyewe waya wa umeme wa A saa nne asubuhi, duka limejaa, akachomoa. Mbagala walisema iliganda kidogo wakaendelea kuuza. Kilichobaki ni kwamba seva zote ziko jengo moja, nataka ya tatu ikae Tegeta kwa protokali A isiyosubiri jibu, maana laini ya kule ni ya polepole na C ingechelewesha kila risiti. Bosi kasema tuongee mzigo wa Desemba ukishaisha.