Pedi za breki: jenuini, za kampuni nyingine, au za wapenda mwendo? Nilivyozipanga

"Bosi, unataka original, original kabisa, au original ya kawaida?"

Muuzaji wa spea pale Gerezani, Kariakoo, aliniuliza hivyo bila hata kutabasamu, kisha akanipangia maboksi matatu kwenye kaunta. Yote ya pedi za mbele za Toyota IST. La kwanza lilikuwa na nembo ya Toyota. La pili limeandikwa Advics. La tatu lilikuwa na picha ya gari la mbio, na neno "Japan" limeandikwa kubwa kuliko jina la kampuni yenyewe. Niliondoka na la pili.

Wengi wetu tunanunua jina, wakati pedi hununuliwa kwa joto. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo wa gari kuwa joto, na kila mchanganyiko wa pedi una kiwango chake: ikiwa baridi mno haishiki sawasawa, ikizidi moto inaanza kuteleza. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela jiulize breki zako unazipasha kiasi gani.

Foleni ya mjini haizipashi sana. Gari la kilo 1,200 likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa, breki zinameza kama kilojuli 460, halafu zinapata muda wa kupoa. Sasa shuka Lushoto hadi Mombo kwa njia ya Soni. Unapoteza karibu mita 1,000 za mwinuko ndani ya kilomita thelathini na kitu, na ukipiga hesabu, hiyo ni sawa na kulisimamisha gari hilohilo kutoka 100 mara 25 hivi. Sehemu yake italiwa na upepo, matairi, na injini kama umeshusha gia. Ukiacha gia kwenye D huku mguu uko kwenye breki njia nzima, mzigo karibu wote ni wa pedi, na ukifika Mombo utaisikia ile harufu ya kitu kinachoungua.

Kwa gari la kila siku, mimi ninazipanga hivi.

Namba moja ni pedi za kampuni zinazovitengenezea viwanda vya magari, zikiwa kwenye boksi lao wenyewe. Kwa magari ya Kijapani, majina ya kutafuta ni Advics na Akebono. Advics ilianzishwa 2001 na Toyota ikiwa miongoni mwa wenye hisa, pamoja na Aisin, Denso na Sumitomo Electric. Akebono iko kwenye kazi hii tangu 1929. Hazipigi kelele, vumbi lake ni dogo, hazili diski, na zinashika tangu mara ya kwanza asubuhi. Usidanganywe tu kwamba ndizo zilezile za boksi la Toyota kwa asilimia mia. Kampuni moja inaweza kutengeneza michanganyiko mingi.

Namba mbili ni jenuini, yaani zile za boksi lenye nembo ya kiwanda cha gari lenyewe. Kwa ubora zingekaa juu, kwa kuwa mtengenezaji wa gari ndiye aliyezipima pamoja na diski, kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) na ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge) yake. Nimezishusha kwa sababu mbili: bei, na feki. Boksi la Toyota ndilo linaloigwa sana, na mimi mwenyewe nimeshapigwa. Lebo ilikuwa safi, namba iko sahihi, inaanza na 04465 kama pedi za mbele za Toyota zinavyoanza (za nyuma huanza na 04466). Baada ya wiki chache breki zikaanza kusaga. Fundi alipofungua, alikwangua pedi kwa bisibisi, ikamong'onyoka kama biskuti iliyolowa chai. Duka nililonunulia sitalitaja. Tangu hapo, jenuini ninainunua kwa wakala anayetoa risiti, ama siinunui kabisa.

Namba tatu ni zile tunazoziita za kampuni nyingine, ila zenye alama. Ferodo, Textar, TRW, Brembo, Bosch: hizi nyingi zinauzwa Ulaya, ambako kanuni ya R90 inataka pedi ya kubadilishia isitofautiane na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15 katika nguvu ya kushika. Alama yake ni herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha (E1 ni Ujerumani, E11 ni Uingereza), kisha maandishi yenye 90R. Itafute kwenye bati la nyuma la pedi pia, maana boksi kila mtu anachapisha. Kwa mwenye gari la Ulaya, Golf au BMW kwa mfano, kundi hili linapanda hadi namba moja bila ubishi.

Hapo usiingie mtego wa neno "ceramic". Pedi ya seramiki nzuri ni tulivu na vumbi lake halichafui rimu, ila neno lenyewe linaandikwa na yeyote anayetaka. Semi-metaliki, yaani zenye vipande vya chuma ndani, huvumilia joto zaidi, lakini zinaweza kulia asubuhi na zinaila diski. Za oganiki ndizo tulivu kuliko zote na ndizo zinazochoka mapema zikipashwa.

Namba nne, kwa mtu wa mjini, ni za wapenda mwendo: EBC Redstuff au Yellowstuff, Project Mu, Endless. Pedi nzuri hizo, ila kwa safari ya Tegeta kwenda Posta utakuwa umelipia joto usilolifikia. Nitazirudia.

Namba tano ni lile boksi la picha ya gari la mbio. Ukiwa umebanwa kweli, litakusogeza mpaka mwisho wa mwezi, endesha pole. Pedi za mtumba na zilizobandikwa vitambaa (ile sehemu inayosugua diski) upya kwa gundi sijazipa namba. Usizifunge.

Ukiwa bado kaunta, igeuze pedi usome ubavuni. Mara nyingi kuna msururu wa maandishi unaoishia na herufi mbili, kama FF au GF. Huo ni mfumo wa Kimarekani wa kupima mshiko: E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Herufi ya kwanza ni mshiko kwenye joto la kawaida, ya pili ni pedi ikiwa moto sana. Ukiona FE, ujue inapungua nguvu ikipata moto. GG inang'ata vikali. Herufi hizo hazikwambii pedi itadumu muda gani wala kama italia, lakini pedi isiyo na maandishi yoyote ubavuni, mimi nairudisha hapohapo.

Sasa wenye Forester ya turbo, Impreza, Mark X, na wale wa kutoka Dar saa kumi alfajiri ili wafike Iringa mapema. Kwenu mpangilio unageuka. Za mwendo kasi za barabarani zinakuja mbele, zenye alama ya E zinafuata, na jenuini inakuwa ya tatu. Ziwe za barabarani lakini. Pedi halisi za mashindano zikiwa baridi hushika kidogo, zinapiga kelele kama treni, na hapa mjini baridi ndiyo hali yao ya siku nzima. Mtu akitokea mbele yako ghafla pale Mwenge, hutapata muda wa kuzipasha.

Ila kabla ya kununua pedi kali, hakikisha tatizo lako ni pedi. Ukishuka Kitonga ukitokea Iringa na breki zikaanza kukusaliti, sikiliza mguu wako. Pedali ikiwa ngumu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu lakini gari halipungui, hapo pedi zimezidiwa na joto. Pedali ikiwa laini na inazama kuelekea sakafuni, mafuta ya breki yamechemka, na pedi za bei yoyote ile hazitakusaidia. Mafuta ya breki hupangwa kwa madaraja ya DOT: DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, DOT 4 kuanzia 230. Yakishanyonya unyevu, kipimo kinashuka hadi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Na yananyonya polepole tu ndani ya gari, hata likiwa limeegeshwa nyumbani. Gari nyingi zinazotoka Japani zikiwa na miaka kumi na kitu, hapa hubadilishwa oili ya injini kila mara, huku mafuta ya breki yakiongezwa tu yakipungua. Nimewaambia watu wawili wenye Subaru wabadilishe yote kwa DOT 4 mpya kabla ya kuagiza pedi, na mmoja hakuziagiza tena.

Kingine cha kumwomba fundi akuoneshe ni pedi za zamani zikishatoka, zote nne, mkononi. Ya ndani ikiwa imeisha hadi bati wakati ya nje ina nusu yake, pini za kalipa zimeganda. Zisafishwe na zipakwe grisi ya breki, la sivyo pedi mpya zitakufa vilevile. Diski ipimwe pia. Unene wa chini kabisa mara nyingi umegongwa kwenye diski yenyewe, MIN TH na milimita zake. Vumbi lisipulizwe kwa kompresa, lifutwe kwa kitambaa kibichi. Zikibaki milimita 3 za kitambaa cha pedi, badilisha, usingoje kile kibati cha onyo kianze kulia. Na siku zote badilisha za upande wa kulia na wa kushoto kwa pamoja.

Zikishafungwa, pampu pedali gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu. Kisha zizoeshe na diski: nenda barabara isiyo na watu, fika 60, punguza taratibu hadi 10 bila kusimama, acha zipoe kidogo, rudia mara nane au kumi. Baada ya hapo endesha dakika kumi ukiigusa breki kwa nadra. Ukikuta taa nyekundu wakati pedi bado za moto, acha nafasi mbele ili gari liweze kusogeasogea. Ukikaa umekanyaga, pedi zitaacha alama kwenye diski na utaisikia ikitetemeka kwenye usukani.